Fomu Iliyofutika Umoja: Kivinjari Hakijui Usichokiambia

Najua nimekuwa kimya. Kwanza kazi zilinibana, halafu stima zikawa zinapotea hapa Donholm kila ninapoketi kuandika. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miezi mingi. Ni kuhusu vivinjari, yaani zile programu tunazofungulia tovuti: Chrome, Firefox, Opera Mini na wenzao. Hasa ni kuhusu nani anayesikilizwa na wale wanaovitengeneza.

Tuanze na kisa.

Jumamosi moja nilikuwa kwenye saiba moja pale Umoja, karibu na soko la Mutindwa, nikisubiri kuchapisha karatasi zangu. Ndiyo, mimi msanidi programu sina printa nyumbani. Cheka tu. Akaingia mama mmoja anayeuza mboga pale sokoni, simu mkononi, uso umechoka. Akamwambia mhudumu, "Kijana wangu, nijazie hii fomu ya basari ya mtoto. Simu imenikatalia mara tatu na mwisho ni leo saa kumi na moja."

Mhudumu hakushangaa hata kidogo. "Ilifutika ulipoenda kusoma meseji, sivyo?"

"Hapo hapo! Umejuaje?"

"Mama, wewe ni wa nne tangu asubuhi."

Mimi hapo nikainua kichwa. Wanne? Kwa asubuhi moja, kwenye saiba moja yenye kompyuta sita? Nikamwomba mama anionyeshe. Tovuti yenyewe sitaitaja, na kivinjari pia sitakitaja, maana nia yangu leo si kumwaibisha mtu (na utaona mbele kwamba hata mimi sina mikono safi). Fomu ilikuwa ndefu: jina la mtoto, nambari ya kitambulisho cha mzazi, shule, karo inayodaiwa, mapato ya nyumba, na aya nzima ya kueleza kwa nini unahitaji msaada. Ukifika mwisho unaambiwa: tumekutumia nambari ya siri kwa ujumbe mfupi, iandike hapa. Basi mama anatoka kwenye kivinjari, anafungua ujumbe, anasoma nambari, anarudi. Ukurasa unazunguka kidogo, unajifungua upya, mweupe pe! Nusu saa ya kuandika kwa kidole kimoja imekwenda.

"Muhula uliopita niliacha," aliniambia. "Nilidhani ni mimi nisiyejua simu."

Soma maneno hayo tena. Mtoto alikosa hata nafasi ya kufikiriwa basari kwa sababu ya hitilafu ya programu, na aliyejilaumu ni mamake. Hakuna aliyempigia mtu yeyote simu. Hakuna aliyeandika popote. Huko kivinjari kinakotengenezwa, siku hiyo ilihesabiwa kuwa siku ya kawaida.

Kwa nini fomu ilifutika?

Acha nieleze kwa lugha ya mtaani. Umepanda matatu pale Mutindwa, umeketi, umeweka mzigo wako kitini. Gari bado linajaza. Unashuka mara moja kununua maji. Abiria wengine wanafika, nafasi ni finyu, na makanga anaona kiti hakina mtu. Anampa mwingine kiti chako na mzigo anautupa nje. Ukirudi, anakwambia, "Panda tu, nakukumbuka, ulikuwa unaenda tao." Anakumbuka safari yako, lakini mzigo hana habari nao.

Ndivyo Android inavyofanya simu ikiwa na RAM ndogo. Ukitoka kwenye kivinjari kwenda kwenye ujumbe, kivinjari kinabaki nyuma ya pazia. Programu ya ujumbe inahitaji nafasi, nafasi haipo, basi mfumo unakiua kivinjari ili kupata RAM. Ukirudi, kivinjari kinaamka kikiwa kinakumbuka anwani ya ukurasa uliokuwa umefungua, kwa hivyo kinaupakua tena kutoka kwenye intaneti (na bando lako linaliwa mara ya pili). Ulichokuwa umeandika kwenye fomu kilikuwa ndani ya RAM peke yake, na RAM hiyo imeshapewa mwingine.

Kwenye simu yenye RAM ya GB 8 huwezi kuliona jambo hili. Unaweza kwenda kwenye ujumbe, ukapiga picha, ukasikiliza muziki, ukarudi ukakuta fomu yako iko vile vile. Lakini simu ya mama ilikuwa na GB 1. Na simu za namna hiyo si ajabu huku kwetu. Google walitoa Android Go mwishoni mwa 2017 kwa ajili ya simu zenye RAM ya GB 1 au chini yake. Mwaka 2020 Safaricom wakishirikiana na Google wakaleta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo baada ya malipo ya mwanzo ulikuwa ukilipia simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku. Mpango mzuri, uliingiza watu wengi kwenye intaneti. Lakini mwanafunzi anayejaza fomu kwa simu ndogo na mhandisi anayejaribu fomu hiyo hiyo kwa simu ya bei ya pikipiki wanaishi kwenye intaneti mbili tofauti.

Nilivyopeleka malalamiko

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira ya msanidi programu huishia kwenye ripoti ya hitilafu. Niliandika kwa watengenezaji wa kile kivinjari: mtu akijaza fomu, akatoka kwenda kusoma ujumbe, akirudi fomu imefutika.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. La heshima, fupi: tumejaribu, kwetu haitokei.

Kusema kweli nilikasirika zaidi. Nikaanza kuandika jibu kali, kisha nikalifuta. (Hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote niliyofanya mwaka ule.) Nikajiuliza: kama mimi ndiye ningepokea ripoti hii bila maelezo mengine, ningefanya nini? Ningeijaribu kwenye simu yangu, nione inafanya kazi, niifunge. Wale hawakuwa wabaya. Nilikuwa nimewapelekea kilio bila kuwapelekea ushahidi.

Basi nikarudi kwa yule mhudumu wa saiba. Nilimwachia daftari la shilingi 50 na kumwomba jambo moja: kila mtu atakayekuja kulalamika kwamba kitu kimefutika, andika aina ya simu, RAM, alikuwa anajaza nini, na alitoka kwenda wapi kabla hakijafutika. Majina usiandike, nambari za simu usiandike. Baada ya wiki tatu daftari lilikuwa na kurasa kadhaa, na nilipolisoma nilijifunza mambo ambayo miaka yote ya kazi hii haikunifunza.

La kwanza, karibu wote walitoka kwa sababu ya nambari: ya siri iliyotumwa kwa ujumbe, au ya uthibitisho wa M-Pesa wanayotakiwa kuinakili kwenye fomu. Yaani fomu zetu zenyewe ndizo zinazowafukuza watu kutoka kwenye ukurasa, halafu tunawaadhibu kwa kutoka! La pili, waliotoka kwenda kwenye kamera kupiga picha ya kitambulisho walifutiwa kuliko wote, maana kamera hula RAM kwa pupa. La tatu, hakuna hata mmoja aliyesema tatizo ni kivinjari. Walisema mtandao mbaya, simu mbovu, au kama yule mama: mimi sijui.

Halafu nikatafuta njia ya kumfanya mhandisi wa mbali aone kwa macho yake. Kwenye simu za Android kuna mipangilio ya wasanidi programu, na ndani yake unaweza kuamuru simu isiruhusu programu yoyote kubaki nyuma ya pazia. Ukiweka hivyo, simu ya bei ghali inaanza kufanya kama simu ya mama mboga. Nikaandika hatua zote, moja mpaka saba, nikaambatisha video na muhtasari wa daftari.

Safari hii jibu lilikuja haraka: tumeiona. Neno moja, na niliruka kitandani kama mtu ambaye Gor Mahia wamefunga bao dakika ya 90.

Lakini halikuisha hapo. Mhandisi mmoja aliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: tukihifadhi kila kinachoandikwa kwenye fomu, itakuwaje simu ikiazimwa? Itakuwaje kwenye kompyuta ya saiba, ambapo anayefuata anaketi kiti kikiwa bado kina joto? Nambari ya kitambulisho, mapato ya nyumba, yote yatamsubiri mgeni. Na kweli, huku Eastlands simu moja inaweza kuwa ya baba, mama na mtoto wa kidato cha tatu. Suluhisho lenye pupa lingeleta balaa lingine. Tulijadiliana kwa miezi. Mwisho wake toleo moja la baadaye likaanza kuhifadhi maandishi ya fomu za kawaida kwa muda mfupi, bila manenosiri, na kuyafuta ukifunga kichupo. Fomu zile zilizojengwa kwa JavaScript tupu bado zinafutika mpaka leo. Nusu mkate, basi.

Sasa nikiri langu

Nilisema sina mikono safi. Nilipokuwa nikiandika ripoti ile ya pili, wazo baya likanijia. Nilikuwa nimewatengenezea tovuti kikundi kimoja cha kusaidiana pale Komarock, wanachama wanajaza fomu ya kuomba mkopo. Nayo inatuma nambari ya siri kwa ujumbe. Nikaijaribu kwenye simu yangu baada ya kuizuia programu za nyuma ya pazia. Mweupe pe.

Tovuti hiyo ilikuwa imetumika miaka 2. Nikampigia mweka hazina: "Mama, kuna mtu amewahi kulalamika kwamba fomu inafutika?"

"Aa, hiyo?" akasema. "Tulishazoea. Tunaazima simu ya jirani ipokee meseji, halafu hatutoki kwenye ukurasa."

Miaka 2 watu wazima wanagonga mlango wa jirani ili kuomba mkopo wao wenyewe, na mimi najisifu kwamba sijapokea hata lalamiko moja! Nilirekebisha jioni ile ile, kazi ya saa mbili. Kivinjari huijulisha tovuti pale ukurasa unapofichwa. Unachofanya ni kuhifadhi maandishi kwenye simu wakati huo huo, kuyarudisha mtu akirejea, na kuyafuta akishatuma. Tena tangu 2020 Chrome ya Android inaweza kuisomea tovuti nambari ya siri kutoka kwenye ujumbe kwa idhini ya mtumiaji, ili asitoke kabisa, mradi ujumbe wenyewe uandikwe kwa mpangilio unaotakiwa. Sikuwa nimejisumbua kuutumia.

Kwa hivyo ninaposema wasanidi wa vivinjari hawatusikii, najumlisha na mimi.

Maoni yangu: lalamiko ni ushahidi, tusiligeuze kura

Hapa ndipo nataka tubishane kidogo.

Historia ya vivinjari ni historia ya kusikiliza na kutosikiliza. Netscape walipofungua msimbo wao mnamo Machi 1998, mradi wa Mozilla ukazaliwa, na pamoja nao Bugzilla, daftari la wazi la hitilafu ambalo yeyote aweza kuandika ndani yake. Miaka michache baadaye Internet Explorer ilikuwa imeshika soko karibu lote. Toleo la 6 lilitoka 2001, na la 7 halikutoka mpaka 2006. Miaka 5! Wakumbuka zile saiba za shilingi moja kwa dakika, madirisha ya matangazo yanachomoza moja baada ya jingine huku dakika zako zinakwisha? Watu walilalamika dunia nzima. Firefox 1.0 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004 ikiwa na kizuizi cha matangazo hayo na vichupo, na Desemba mwaka huo wapenzi wake walichanga pesa wakalipia tangazo la kurasa mbili kwenye gazeti la New York Times, majina yao maelfu yakiwa yamechapishwa humo. Ilikuwa programu huria iliyojengwa kwa malalamiko ya watu, na iliwalazimisha wakubwa kuamka.

Opera Mini nayo, iliyoenea duniani tangu 2006, ilifanya jambo jingine. Ilikubali kwamba simu ni dhaifu na data ni ghali, ikaacha seva zifanye kazi nzito na kuitumia simu ukurasa uliobanwa. Kwa wengi wetu hapa Nairobi, kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya kwanza mfukoni ilikuwa ni Nokia na ile herufi O nyekundu.

Na majirani zetu wa Dar es Salaam walishatuonyesha kwamba hata lugha ni maoni ya mtumiaji. Mnamo Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hakuna kampuni kubwa iliyowaomba. Waliona pengo wakaliziba.

Sasa njoo karibu na leo. Mwaka 2025 Firefox waliongeza vichupo vya wima na makundi ya vichupo. Makundi ya vichupo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoombwa na kupigiwa kura zaidi na watumiaji wao, maelfu ya watu. Mimi mwenyewe nilifurahi, maana kompyuta yangu huwa na vichupo 50 na zaidi. Lakini jiulize: nani hupiga kura ya namna hiyo? Mtu mwenye kompyuta, mwenye muda, mwenye akaunti, anayejua Kiingereza, na anayejua kwamba kuna mahali pa kupigia kura. Yaani mimi. Mama wa Mutindwa ana kichupo kimoja, na hicho kimoja kinamfia mkononi. Tukihesabu kura, mimi nitashinda kila siku na yeye atapoteza kila siku, hata kama shida yangu ni usumbufu na yake ni karo ya mtoto.

Utasema: wasanidi wana takwimu, kivinjari hutuma taarifa za matumizi, hawahitaji kelele za watu. Takwimu zinasaidia, sikatai. Lakini takwimu huhesabu kilichotendeka. Mama alipoacha kujaza fomu, takwimu ziliona ukurasa umefungwa, basi. Haziwezi kutofautisha aliyemaliza na aliyekata tamaa, wala hazioni simu ya jirani iliyoazimwa Komarock. Ili kujua hayo lazima mtu amuulize mtu.

Ndiyo maana nasema lalamiko ni ushahidi. Shahidi mmoja aliyeona vizuri anatosha kufungua kesi. Huulizi mashahidi wangapi wamepiga kelele, unauliza ameona nini, aliumia kiasi gani, na je, inaweza kurudiwa. Sisi Nairobi tunalijua hili: Ushahidi, ile ramani ya mtandaoni iliyoanzishwa 2008 baada ya vurugu za uchaguzi, ilisimama juu ya taarifa za watu wa kawaida zilizotumwa kwa ujumbe na kwa wavuti. Kila taarifa moja ilikuwa na uzito wake.

Nawaomba watengenezaji wa vivinjari mambo matatu tu. Pokeeni malalamiko kwa Kiswahili, na kwa sauti pia, maana wengi wetu tunaeleza vizuri zaidi kwa mdomo kuliko kwa kidole. Wekeni simu za GB 1 mezani kwa kila mhandisi, na wiki moja kwa mwezi azitumie kufanya mambo yake ya kweli. Na njooni saiba. Mhudumu wa saiba wa Eastlands ndiye dawati la msaada la intaneti nzima huku, ingawa hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo.

Na sisi je?

Sisi tunaojua kompyuta kidogo tuna deni. Tukisikia jirani anasema "simu imenikatalia", tusiishie kumrekebishia na kwenda zetu. Tulibebe lalamiko mpaka linapotakiwa kufika. Hivi ndivyo ninavyofanya siku hizi:

1. Ninaandika hatua zote kwa mpangilio. "Imefutika" haitoshi. Alifungua nini, akabonyeza nini, akaenda wapi, akarudi vipi.

2. Ninaandika simu: aina, RAM, toleo la Android, toleo la kivinjari. Yote yako kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu na kuhusu kivinjari.

3. Ninatenganisha alichotarajia na kilichotokea. Sentensi mbili zinatosha.

4. Ninajaribu kivinjari cha pili. Ikifutika huko pia, huenda kosa ni la tovuti au la mfumo wa simu. Ikifutika kwenye kimoja tu, nimeshapata mshukiwa.

5. Ninapiga picha ya skrini, lakini ninaziba majina na nambari za kitambulisho kwanza. Ripoti nyingi huwa wazi kwa dunia nzima. Usimtetee mtu kwa kumwanika.

6. Ninatuma. Chrome ina sehemu ya usaidizi na maoni kwenye menyu yake, na hitilafu za mradi wa Chromium huandikwa kwenye daftari la wazi. Firefox wana Bugzilla yao mpaka leo. Na mwenye tovuti naye apelekewe nakala, maana mara nyingi kosa ni la wote wawili.

7. Ninasubiri bila matusi. Ikirudi "kwetu haitokei", ninaichukua kama swali: tuonyeshe inavyotokea.

Na ukiwa wewe ndiye msanidi, ongeza la nane: usingoje. Nenda kawatazame watu wakitumia kazi yako. Ukiona mtu ameandika kwenye karatasi kwanza kabla ya kujaza fomu, au ameazima simu, au anashikilia pumzi anapobonyeza kitufe, hiyo ni ripoti ya hitilafu. Ameiandika kwa mwili wake kwa sababu hakupewa mahali pengine pa kuiandika.

Mtaniuliza, yule mama aliishia wapi? Mhudumu alimjazia fomu kwenye kompyuta, mimi nikamsomea nambari ya siri kutoka kwenye simu yake, ikatumwa saa kumi kasorobo. Alilipa shilingi 100 kwa jambo ambalo lingepaswa kuwa bure. Alipokuwa akitoka nilimwambia kosa halikuwa lake, ni sisi tunaotengeneza hivi vitu. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Sasa mbona hukuniambia muhula uliopita?"

Sikuwa na jibu. Daftari liko pale saiba mpaka sasa, limefika la pili. Kama una saiba mtaani kwako, Kayole, Dandora, Kariobangi, popote, mpelekee mhudumu daftari. Ni shilingi 50.

Haya, stima bado ziko. Acha nitume hii kabla hazijapotea, na kabla kivinjari changu nacho hakijaamua kuifuta. Tuonane tena.